Sakae: Injini ya Kijapani, Keya wa Burma na Hewa ya Ufipa

Lori lenye shehena ya mpunga linapotoka Muze kwenda Sumbawanga, mtihani wake ni ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Gia namba moja, moshi mweusi, utingo yuko nyuma na kigogo cha kukingia tairi mkononi. Kabla ya kufika juu rejeta imeshachemka, na mtu hana budi kushuka na dumu kutafuta maji. Bodaboda hupita pembeni bila hata kupiga honi. Yenyewe haina rejeta. Silinda yake moja imevalishwa mapezi ya alumini, membamba kama kurasa za kitabu, na upepo unaopenya kati ya mapezi hayo ndio maji yake. Dereva akisimama kuipumzisha, sogeza kiganja karibu: utahisi joto likikipiga, na utasikia chuma kikilia tik, tik, tik kinapopoa.

Sasa ikuze silinda hiyo ya sisi 125 karibu mara 16, ifikie lita mbili. Tengeneza nyingine kama hiyo mpaka zitimie 14. Zipange saba saba katika duara mbili, duara moja nyuma ya nyingine, zote zikitazama nje kama spoku za gurudumu la baiskeli, na katikati pitisha mhimili wa kuzungusha pangaboi. Hapo utakuwa umeipata Sakae, injini ya ndege ya Kijapani ambayo katika Vita vya Pili vya Dunia iliwahangaisha Waingereza mpaka wakarudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa, na ambayo ilinguruma juu ya vichwa vya askari wetu wa King's African Rifles (KAR), yaani Keya, kule Burma.

Injini za mtindo huu wa nyota zilipendwa na majeshi ya majini kwa sababu ambayo utingo wa lori la Muze angeielewa mara moja. Injini ya maji hutobolewa rejeta kwa risasi moja, na baada ya dakika chache imekufa. Injini inayopozwa na hewa haina cha kuvuja isipokuwa mafuta. Juu ya bahari, mamia ya kilomita kutoka kwenye meli yako, hilo ni jambo la kufa na kupona. Ndani yake pia kuna hesabu ya kupendeza. Kila duara lazima iwe na silinda za idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa kuwa moto hurukaruka: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, kisha ya pili, ya nne, ya sita, halafu unaanza upya. Pistoni zote saba za duara moja hushika sehemu moja tu ya kranki. Koni rodi moja ndiyo mama, na nyingine sita zimeshikizwa kwake kama watoto waliong'ang'ania khanga.

Sakae ina ukoo mrefu. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, mhandisi aliyeacha kazi katika jeshi la majini la Japani, alianzisha kiwanda cha ndege. Kampuni yake ilinunua kibali cha kuunda Jupiter, injini ya silinda tisa ya kampuni ya Bristol ya Uingereza. Mafundi wake walijifunza kwa kuunda cha mwenzao, wakachungulia pia kazi ya Pratt & Whitney ya Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakatoa injini yao wenyewe, Kotobuki. Kule Ufaransa kampuni ya Gnome et Rhône nayo ilikuwa imepitia darasa hilohilo la Jupiter kabla ya kubuni 14K, yenye silinda 14 katika duara mbili. Nakajima ikachukua funzo la 14K pia. Injini yake kubwa ya silinda 14, Ha-5, ikapunguzwa mwili, ikakazwa, ikasafishwa, na mtoto aliyezaliwa akaitwa Sakae, yaani ustawi. Kipenyo cha silinda kilikuwa milimita 130, mwendo wa pistoni milimita 150, ujazo wote lita 27.86. Toleo la Sakae 12 lilitoa nguvu za farasi 940 kwa uzito wa takribani kilo 530.

Wanaosema kwamba Wajapani walinakili tu wanasahau kwamba katika enzi hiyo kila mtu alinunua kibali kwa mwenzake. Fundi mzuri hujulikana kwa kile anachokiondoa, na Nakajima waliondoa kilo baada ya kilo.

Wapinzani wao Mitsubishi ndio waliopewa zabuni ya ndege mpya ya kivita ya jeshi la majini. Mbunifu wake, Jiro Horikoshi, alianza na injini ya kampuni yake mwenyewe, Zuisei. Machi 1939 ndege ya kwanza ilitolewa kiwandani Nagoya ikiwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye mikokoteni miwili ya ng'ombe na kukokotwa kilomita 48 hadi uwanja wa Kagamigahara. Kwetu, ambako maksai ndio trekta la watu wengi, picha hiyo haihitaji maelezo: chombo cha kisasa kuliko vyote Asia kikitembea kwa mwendo wa jozi ya maksai, barabara ikiwa mbovu mno kwa gari. Iliruka tarehe 1 Aprili. Ndege ya tatu ilifungwa Sakae, na ndoa hiyo ikadumu. Jeshi liliipokea Julai 1940, mwaka wa 2600 kwa kalenda ya kifalme ya Japani, na kutokana na sifuri za mwaka huo ndege ikaitwa Zero.

Nguvu za farasi 940 si nyingi. Horikoshi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ili ndege iende mbali na igeuke upesi, alinyofoa kila kisicho cha lazima: hakuna bamba la chuma la kumkinga rubani, hakuna tangi linaloziba lenyewe likitobolewa, na mbavu za ndani zilitobolewa matundu kupunguza gramu. Matokeo yake ilisafiri zaidi ya kilomita 3,000 ikiwa na tangi la nje.

Pwani yetu iliihisi mapema. Tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, ndege kutoka meli tano za Kijapani za kubeba ndege zilishambulia Colombo, Ceylon (Sri Lanka ya leo). Siku nne baadaye zikashambulia Trincomalee, kisiwa hichohicho. Zero zilikuwa na Sakae, na ndege za kubeba torpedo, Nakajima B5N2, nazo zilikuwa na Sakae. Waingereza walipoteza manowari mbili kubwa siku ya kwanza na meli ya kubeba ndege, Hermes, siku ya pili, zote zikizamishwa na ndege za aina ya tatu, Aichi, zenye injini ya Mitsubishi. Admirali Somerville wa Uingereza akazipeleka meli zake kongwe Kilindini. Wataalamu wa kufumbua siri za redio za Kijapani nao wakahama Colombo, wakaweka makao katika shule ya Allidina Visram, Mombasa. Kwa miezi kadhaa ulinzi wa Bahari ya Hindi ulitegemea bandari ya Waswahili na madarasa ya shule ya Mombasa, jambo ambalo historia za vita huligusa kwa sentensi moja na kuendelea na safari.

Nirudi kwenye hewa, maana injini ya ndege huisumbukia mara mbili: kujipoza, na kupumua. Dereva yeyote wa njia hii anajua kwamba gari lenye nguvu Muze huwa zito likifika Sumbawanga. Kutoka bonde la Rukwa hadi uwanda wa juu ni takribani mita 1,000 za kupanda, na injini isiyosaidiwa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hewa imekuwa nyepesi. Rubani aliye mita 5,000 juu ameshapoteza karibu nusu. Dawa yake ni mvukuto: feni inayoendeshwa na injini yenyewe, inayoisukuma hewa kwa nguvu kwenye silinda.

Wafipa, wenyeji wa uwanda huu, walizijua njia zote mbili, ya hewa isiyosaidiwa na ya kupuliziwa, kwa kazi ya mikono yao. Tanuru refu la udongo, ilungu, ambalo mabaki yake bado yamesimama hapa na pale Ufipa, lilizidi kimo cha mtu na halikuwa na mvukuto hata mmoja. Lilikuwa na matundu chini na mdomo juu, na moto wenyewe ulivuta upepo siku baada ya siku mpaka mawe yakatoa chuma. Chuma hicho kilikuwa na takataka, hivyo kilihamishiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipopulizwa. Profesa Bertram Mapunda, ambaye amefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ametumia miaka mingi kuchimba na kusoma mabaki ya kazi hiyo upande wa Nkansi. Nikiitazama Sakae naona wahunzi wakibishana jambo lilelile: tuuache moto uvute wenyewe, au tuupulizie?

Nakajima walipulizia zaidi. Sakae 21 ilipewa mvukuto wa kasi mbili, moja ya chini na moja ya juu, na nguvu zikapanda hadi farasi 1,130. Lakini mvukuto huo uliifanya injini iwe ndefu na nzito, ukuta nyuma yake ukasogezwa, tangi la mbele likapungua. Hilo lilitokea mwaka 1942, mwaka ambao marubani walitakiwa kuruka zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Rabaul kwenda kupigana kisiwani Guadalcanal, Pasifiki, na kurudi. Nguvu ziliongezeka, masafa yakapungua, nao waliohitaji masafa ndio waliokuwa vitani.

Mwaka huohuo wa 1942, tarehe 4 Juni, risasi ilikata bomba dogo la mafuta kwenye injini ya Zero huko Alaska. Rubani, Tadayoshi Koga, alijaribu kutua kwenye kisiwa cha Akutan. Ardhi aliyoiona ngumu ilikuwa tope, ndege ikapinduka, naye akafa. Wamarekani waliikuta ikiwa karibu nzima, wakaitengeneza na kuirusha. Wakagundua kwamba ukiisukuma pua chini ghafla, injini hukata, kwa sababu kabureta yake ilitumia boya na petroli haikufika. Bomba la mafuta likawapa siri.

Keya wetu waliikuta injini hii ikiwa imeanza kuzeeka. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, iliingia mpakani mwa Burma katikati ya 1944, ndani yake zikiwemo batalioni ya 26 na ya 36 za KAR kutoka Tanganyika. Hata kufika tu kulikuwa na gharama: Februari 12 mwaka huo nyambizi ya Kijapani iliizamisha Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofika walishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, katika tope, ruba na malaria, wakiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin.

Ndege ya jeshi la nchi kavu la Japani katika anga la Burma ilikuwa Hayabusa, Ki-43, kazi ya wabunifu wa Nakajima, Hideo Itokawa akiwa mmoja wao. Injini yake ilikuwa Ha-115, na Ha-115 ni Sakae ileile. Jeshi la nchi kavu na la majini hayakuelewana hata kwenye jina. Lakini kufikia mvua za 1944 mngurumo uliosikika zaidi bondeni ulikuwa wa Dakota zikidondosha mchele, risasi na dawa. Kila Dakota ilibeba injini mbili za Twin Wasp za Pratt & Whitney: nyota ya silinda 14, duara mbili, hupozwa na hewa, lita 30, farasi 1,200. Mtu angeziweka sakafuni pamoja na Sakae bila nembo, fundi angezihesabu kuwa ndugu. Tofauti ilikuwa kwenye idadi. Nakajima ilitengeneza Sakae 21,166, na viwanda vingine 9,067. Twin Wasp zilipita 170,000. Askari wa Tanganyika aliyekula chakula kilichoanguka kutoka mbinguni Kabaw alilishwa na hesabu hiyo.

Tarehe 24 Novemba 1944, siku chache baada ya divisheni kufika Kalemyo, ndege za Marekani za B-29 zilifanya shambulio lao la kwanza Tokyo kutoka visiwa vya Mariana. Shabaha yao ilikuwa kiwanda cha injini cha Nakajima, Musashino. Humo walikuwa wakipigania Homare, mrithi wa Sakae: silinda zilezile za milimita 130 kwa 150, sasa zikiwa 18 katika injini yenye kipenyo cha takribani sentimita 118, zikitakiwa kutoa karibu farasi 2,000. Kwenye karatasi na katika mikono ya mafundi wa mwanzo, Homare ilikuwa ajabu. Lakini ilibuniwa kwa petroli bora ambayo Japani haikuwa nayo tena, ikabidi wainyunyizie maji na methanoli isigongegonge. Mafundi stadi walikuwa wameitwa jeshini, wanafunzi wakasimama kwenye mashine zao. Mashambani watoto walichimba mizizi ya misonobari ili itolewe mafuta ya ndege.

Zero yenyewe haikupata Homare. Horikoshi alikuwa akiomba kwa muda mrefu injini ya Kinsei ya Mitsubishi, na aliruhusiwa Nakajima ilipoacha kutengeneza Sakae. Zikaruka ndege mbili za majaribio mwaka 1945, na vita vikaisha.

Washindi waliivunja Nakajima vipande. Mwaka 1953 kampuni tano zilizotokana nayo ziliungana kuwa moja, Fuji, na magari yake yakapewa jina la kundi la nyota ambalo Wajapani huliita Subaru. Ni Kilimia, nyota zilezile ambazo mkulima wa Kiswahili amezitazama tangu enzi kujua msimu wa kulima. Kwenye nembo moja ni kubwa, tano ni ndogo. Gari lao la kwanza kuuzwa kwa wingi lilitoka mwaka 1958, na mafundi wa Kilimia waliliwekea nyuma injini ya silinda mbili, sisi 356, isiyo na rejeta, yenye mapezi.