R.M. wa Kamiti na shilingi laki tano

Wasee, Kamiti tumeifanya mzaha. Mtu akikopa akapotea, tunamwambia ajipange, Kamiti inamwita. Leo niwape stori ya msee mmoja aliyekaa huko ndani. Hatukufundishwa habari zake kwenye somo la historia, ingawa aliacha alama kwenye sheria ya nchi hii.

Kwenye kesi anajulikana kama R.M., na mimi nitamwacha hivyo. Alizaliwa huntha, yaani mwili wake una maumbile ya kike na ya kiume pamoja. Mwaka 2005 alishtakiwa kwa wizi wa mabavu kule Kitui. Alipofikishwa gereza la huko, upekuzi ukafichua umbile lake na watu wakakosa pa kumweka. Sheria ya Magereza inagawa wafungwa mara mbili tu, wanaume huku na wanawake kule. Ikabidi mahakama iamuru ashikiliwe kwenye kituo cha polisi hadi kesi iishe. Mwishowe alihukumiwa kifo, akapelekwa Kamiti, jela ya wanaume.

Huko ndiko alikovuliwa nguo mbele ya wengine. Upekuzi jela ni kawaida, sawa, simu na bangi lazima zitafutwe. Lakini huyu walikuwa wanataka tu kumwona. Akachekwa, akadhihakiwa. Mwaka 2007 akaenda Mahakama Kuu kushtaki.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Si alikuwa jambazi?" Buda, hukumu yake ilisema kifo. Haikusema akae uchi maafande wakipita kumtazama.

Na hii si aibu peke yake, ni afya. Fikiria mfungwa amebakwa usiku. Dawa za PEP, zile za kuzuia virusi vya Ukimwi, lazima aanze ndani ya saa 72, na mapema ndio bora. Huku nje unaruka boda unaenda hospitali ya serikali. Kule ndani hatoki hadi askari afungue mlango, na askari ndiye yule aliyemcheka wiki iliyopita. Atamwambia nini? Saa zinahesabika tu. Mwanamume naye ana hofu ya ziada, kwa sababu kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha ngono kati ya wanaume. Anaogopa akiripoti atageuzwa mshtakiwa. Ndiyo maana mimi nasema ulinzi wa mfungwa unaanzia kwenye upekuzi. Mtu akishavuliwa utu wake hapo, hatakuja kukuambia lililompata usiku.

Sheria yenyewe ilichelewa sana. Hadi 2006, Kanuni ya Adhabu ilitambua ubakaji wa mwanamke au msichana pekee. Mwanamume akifanyiwa, kosa lilipewa jina lingine. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ndiyo ilirekebisha hapo, na kifungu cha 24 kikawagusa wakubwa wa jela moja kwa moja: msimamizi akitumia cheo chake kumpata mfungwa kingono, kifungo ni miaka isiyopungua 10. Wengi hawajui hiki kifungu kipo.

Turudi kwa R.M. Desemba 2010 majaji watatu walitoa uamuzi, na mimi nauona nusu mkate. Walikubali kwamba ule upekuzi ulikuwa unyama na udhalilishaji, wakaamuru alipwe shilingi 500,000. Lakini walikataa kutambua jinsia ya tatu, na walikataa pia kwamba anawakilisha mahuntha wengine. Hakukuwa na takwimu mbele yao, kwa hivyo wakamwona kama kisa cha peke yake.

Takwimu zilikuja baadaye. Sensa ya 2019 ilihesabu mahuntha kwa mara ya kwanza Kenya, ikapata 1,524. Na hao ni wale tu waliokubali kujitaja mbele ya karani mlangoni, jirani akisikiliza.

Kabla ya sensa, mwaka 2014, Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru. Kifungu cha 10 kinampa huntha haki ya kuchagua kama atapekuliwa na mwanamume au mwanamke. Mstari mmoja tu, lakini usome ukikumbuka Kamiti. Shida yangu iko kwenye maana ya neno lenyewe: sheria inataka daktari athibitishe kwamba una viungo vya uzazi vya kike na vya kiume. Kuna mahuntha ambao tofauti yao iko kwenye homoni au kromosomu, nje huoni kitu. Hao wanaangukia wapi? Na ukishikwa Ijumaa usiku, cheti unakitoa wapi kabla ya kupekuliwa?

Kama una ndugu rimandi au jela, siku ya kumwona muulize anavyopekuliwa, na kama akiugua anafikishwa zahanati. Akikuambia ameguswa kwa nguvu, usingoje Jumapili ijayo. Namba 1195 ni ya bure na ni ya dhuluma za kijinsia. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, nayo inapokea malalamiko na ina mamlaka ya kuingia magerezani. Waambie saa aliyoguswa, maana zile 72 zinaanzia hapo.