Vijana wa Buta walikuwa wamelala



Sisi wa kambini kukesha tunakujua. Ukisikia majina ya safari yanakaribia kutoka, unalala begi limefungwa pembeni ya mkeka, simu kifuani. Basi juzi kwenye maombi kuna mtu akauliza: Yesu alipotuambia tukeshe, alitaka tuwe hivyo? Tusilale kabisa? Watu walijibu mengi. Mimi nilikaa kimya, nikawa nawaza Buta.

Buta iko Bururi, kusini mwa Burundi. Kuna seminari ndogo pale, yaani sekondari ya wavulana wanaofikiria upadri. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, nchi iliingia kwenye mauaji, na hofu ikafika mpaka madarasani. Watoto waliokalia benchi moja wakaanza kuogopana. Buta nao waliogopa, tusiwafanye malaika. Ila gambera wao, padri Zacharie Bukuru, hakuwaambia wanyamaze. Aliwakalisha pamoja, Wahutu na Watutsi, waseme waziwazi kinachowauma, na mwingine asikilize hata kama maneno ni machungu. Wakisha, wanasali pamoja, wanacheza mpira na ngoma pamoja. Na hiyo haikuwa semina ya siku mbili kama zile zetu za soda na biskuti (mashirika mtusamehe). Ilikuwa miaka.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha wakaingia bwenini. Vijana walikuwa wamelala. Wakaamshwa, wakaamriwa: Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa kutengana. Wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono. Walikufa 40, vijana wa rika letu. Walionusurika walieleza kwamba wengine walikata roho wakiwaombea msamaha waliowaua. Wamezikwa palepale Buta, wote pamoja.

Sasa rudi kwenye Mathayo 25, ule mfano wa wanawali kumi. Tunapenda kuhubiri kwamba watano walilala na watano walikesha. Hapana, soma vizuri: wote kumi walisinzia, wote wakalala. Walioitwa wenye busara walikuwa na mafuta waliyoyabeba mapema, na kelele za usiku wa manane zikawakuta nayo. Vijana wa Buta hawakupewa hata dakika kumi za kushauriana. Jibu walilotoa kule bwenini walikuwa wameanza kulitengeneza tangu 1993, kidogo kidogo, kwenye mazungumzo ambayo pengine mengine yaliwachosha.

Mimi hili linanigusa vibaya. Mwaka jana kulitokea ugomvi pale bombani, vijana wa nchi mbili, madumu yakaanza kurushwa. Mimi ni mtu wa kujitolea, nafundisha watoto amani kila wiki. Lakini mtu alipopiga kelele "wa kwetu njooni huku!", miguu yangu ilishaenda kabla sijafikiri chochote. Nilikuwa macho kabisa siku ile, saa nne asubuhi, jua kali.

Jumamosi hii baada ya mpira tunakaa chini ya mti, wa pande zote mbili za ule ugomvi. Kila mtu aseme kinachomuuma. Nimeomba niwe wa kwanza kuongea.