Pete za Ndoa Zilizogeuzwa Chuma

Tarehe 18 Desemba 1935, Malkia Elena wa Italia alifika kwenye kaburi la askari asiyejulikana jijini Roma, akatoa pete yake ya ndoa pamoja na ya mumewe, Mfalme Vittorio Emanuele III. Wakafuata wajane na kina mama waliopoteza wana wao katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha wanawake wa kila aina. Aliyetoa pete ya dhahabu alirudishiwa ya chuma. Roma peke yake zilikusanywa pete zaidi ya 250,000. Hata mwandishi Luigi Pirandello alitoa medali yake ya Nobel, aliyoipata mwaka uliotangulia.

Chanzo kilikuwa huku kwetu Afrika. Oktoba 3 mwaka huo, majeshi ya dikteta wa Italia, Mussolini, yaliivamia Ethiopia yakitokea Eritrea. Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliiwekea Italia vikwazo vilivyoanza Novemba 18, lakini mafuta hayakuguswa. Serikali ya kifashisti ikasaka dhahabu, na dhahabu iliyokuwa karibu kabisa ilikuwa vidoleni mwa wake za watu.

Mussolini hakulibuni jambo hili. Mwaka 1813, Prussia ilipokuwa ikipigana na Napoleon, Binti Mfalme Marianne aliwaomba wanawake watoe vito vyao, wakapewa vya chuma vyenye maandishi ya kushuhudia kwamba mvaaji alitoa dhahabu. Ujerumani na Austria zikarudia mwaka 1914. Hapo ndipo ninapoona ukatili wa mpango wenyewe: pete ya chuma ikawa cheti cha uzalendo, na mwanamke aliyebaki na dhahabu yake akatazamwa kwa jicho baya. Utoaji wa namna hiyo ni vigumu kuuita hiari.

Simulizi za siku ile hukaa sana na huzuni ya mama wa Kiitalia aliyevua pete. Huzuni hiyo naiheshimu. Lakini upande wa pili wa bahari ndege zilimwaga gesi ya haradali juu ya wanakijiji na mifugo yao, na hospitali za Msalaba Mwekundu zikapigwa mabomu. Addis Ababa ilianguka Mei 5, 1936. Mfalme wa Ethiopia, Haile Selassie, alirejea mjini tarehe hiyohiyo mwaka 1941, baada ya wazalendo wa Ethiopia na majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki, kuwashinda Waitalia. Wajane wa Ethiopia hawakupewa pete ya aina yoyote, na historia ya pete zile haijakamilika bila wao.

Chuma chenyewe hakina aibu. Pliny, mwandishi wa Roma ya kale aliyekufa mwaka 79, anaeleza kwamba hata katika siku zake mchumba alipelekewa pete ya chuma isiyo na kito. Dhahabu ilikuja kutawala baadaye, na hata hapo vita viliendelea kuwaamulia maharusi. Katika Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, Waingereza waliwekewa kiwango: pete mpya ya ndoa iwe ya karati 9, yaani dhahabu asilimia 37.5 tu. Marekani ilizuia platinamu kwa ajili ya vita, masonara wakageukia dhahabu nyeupe. Ni katika vita hivyohivyo wanaume wengi wa Marekani walipozoea kuvaa pete ya ndoa, desturi ambayo kabla ya hapo haikuwa imeshika.

Leo uamuzi umebaki kwa wawili na mfuko wao. Anayechagua pete ya chuma cha pua au titani asiambiwe kuwa amepungukiwa. Anayetaka dhahabu aangalie kazi ya mikono yake kabla ya kuangalia mng'ao: karati 24 ni laini mno kwa mtu anayelima au kufua kila siku, inapinda na kuchubuka. Karati 18 ina robo tatu ya dhahabu, na iliyobaki ni metali nyingine, mara nyingi shaba na fedha, zinazoipa ugumu. Mwombe sonara akuonyeshe muhuri upande wa ndani: 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18.