Ghala la Mawe la Kerikeri

Wengi wetu hupita kila juma mbele ya duka la kale mjini, wala hatuulizi lilijengwa na nani, wala kwa kazi gani. Lakini nyumba ya biashara ina maisha yake kama mtu alivyo na yake: hukusudiwa jambo moja, ikatenda jingine. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za nyumba ya namna hiyo iliyo katika mji mdogo wa Kerikeri, kaskazini ya New Zealand. Nchi hiyo iko mbali, lakini nyumba yenyewe si ngeni kabisa kwetu. Walioijenga ni Church Missionary Society, chama kile kile kilichomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844.

Wamisionari walianza kukaa Kerikeri mwaka 1819, wakiongozwa na Samuel Marsden, kasisi aliyetoka Sydney. Hawakukaa kwa nguvu zao wenyewe, bali chini ya ulinzi wa Hongi Hika, mkuu wa Wamaori, ambaye boma lake la Kororipo lilikuwa karibu nao. Siku zile chakula kilinunuliwa kwa mashoka, majembe na mablanketi. Kwa hiyo ghala lilikuwa moyo wa kazi yote, na mtunza ghala, James Kemp, aliyekuwa mhunzi, alikuwa mtu mkubwa. Lakini biashara ilikuwa na jaribu lake. Wamaori walitaka bunduki kuliko bidhaa nyingine zote, na baadhi ya wamisionari waliwauzia, ingawa walikatazwa.

Ghala la kwanza lilikuwa la mbao, na mbao huungua, tena hutobolewa na panya. Wakubwa wa misioni wakaazimia kujenga la mawe, liweke vyombo vyao pamoja na ngano ya shamba lao la Te Waimate. Kazi ilianza mwaka 1832. Mawe meusi yalipatikana pale pale. Mawe ya kuchonga, ya pembeni na ya matao, yaliletwa kwa merikebu kutoka Sydney. Na chokaa ilichomwa kwa makombe ya pwani, kama wazee wetu wa pwani walivyochoma matumbawe. Mwaka 1836 nyumba ikaisha.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Katika miaka ile minne kazi ya misioni ilikuwa imeenea mahali pengine, na ghala jipya likawa kubwa kuliko haja yake. Jengo lililogharimu fedha na jasho likasimama karibu tupu! Bila shaka wako waliosema kwamba wakubwa wamekosa.

Lakini kuta nzuri hazikosi kazi. Askofu Selwyn alipofika nchini mwaka 1842, aliweka vitabu vyake humo, na ghala la ngano likawa nyumba ya elimu. Baadaye kidogo likaingia baruti. Mwaka 1845 Hone Heke, aliyechukizwa kuona mamlaka ya wakuu wa Kimaori yakipungua tangu mapatano ya Waitangi ya mwaka 1840, alipigana na Waingereza, na ghala likatumiwa kuweka zana za askari. Tufikiri jambo hili, ndugu. Hone Heke alikuwa amesoma katika shule ya misioni ya Kerikeri, tena alibatizwa papo hapo mwaka 1835. Jengo la waalimu wake likatunza baruti ya kumpigia yeye.

Vita vilipokwisha, biashara ilirudi. Miti ya kauri ya nchi ile hutoa utomvu unaochimbwa ardhini ukiwa umekauka, kama sandarusi ya pwani yetu, nao hutengenezwa vanishi. Ghala likawa mahali pa kuununua na kuuuza, kisha likawa duka la vitu vyote vya mji kwa miaka mingi. Mwaka 1975 lilinunuliwa na shirika la kutunza mambo ya kale la nchi hiyo. Leo chini ni duka bado, na juu watu hutazama vitu vya zamani. Ndilo jengo la mawe lililo la kale kuliko yote yanayosimama New Zealand.

Basi, je, wajenzi wale walikosa? Katika hesabu yao walikosa, maana hawakujua yajayo. Katika ujenzi wao hawakukosa. Kama wangalijenga kwa udhaifu, kosa la hesabu lingalikuwa hasara tupu; lakini kwa kuwa walijenga vema, vizazi vingine vilipata mahali pa vitabu, pa biashara na pa kumbukumbu.

Nasi tuna majengo yetu: maduka ya kale, maghala ya pamba na ya karafuu, yenye kuta nene na milango mizito. Kabla hatujayabomoa kwa sababu kazi yake ya kwanza imekwisha, tuwaulize wazee habari zake, tuziandike, kisha tutazame kama hayawezi kutumika tena.