Albamu Iliyotoka kwenye Buti la Gari

Huku Katwe, katikati ya kelele za nyundo na mabati, vijana wetu Wakongo wanaorekodi wimbo wa kwanza huambiwa kila siku: imba kama redio, utauza. Mimi huwatajia mtu mmoja tu, Geoffrey Oryema.

Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa polisi Uganda, kisha waziri wa Idi Amin. Ndiye pia aliyemfundisha mwanawe kupiga nanga. Februari 1977 aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikasema eti ajali ya gari. Mwaka huohuo Geoffrey akavushwa mpaka kuingia Kenya, amejikunja ndani ya buti la gari. Akaishia Ufaransa.

Halafu miaka 13 ikapita. Albamu yake ya kwanza, Exile, ilitoka 1990 kwa Real World, lebo ya Peter Gabriel, prodyuza akiwa Brian Eno. Wazungu wangeweza kupewa muziki wa kucheza. Yeye akawapa Kiacholi na Kiswahili, polepole, na gita, nanga na lukeme, ile ya vibapa vya chuma ambavyo fundi yeyote wa Katwe angevigonga asubuhi moja. Si rumba, si roki. Muziki wa ajabu kidogo, kweli. Lakini mtu aliyetolewa kwao kama mzigo, ulitaka aimbe nini?

Uganda alirudi kuimba mwishoni mwa 2016. Juni 2018 akafia Ufaransa.