Kasma

Bunge la bajeti likikaa Dodoma, utasikia fungu, kifungu, kisha kasma. Fungu ni la wizara au mkoa mzima. Kifungu ni cha idara ndani yake. Kasma ni mstari mmoja wa matumizi. Neno hili ni ndugu wa kasimu, kugawa, kama katika kukasimu madaraka.

Nashangaa wanaotufundisha programu za uhasibu hawalitumii, maana linatatua vurugu nyingi. QuickBooks, kwa mfano, hutenganisha akaunti na mradi. Akaunti ndiyo kasma: fedha imenunua nini? Dizeli, saruji, vibarua. Mradi huuliza imetumika kwa kazi ipi. Mkandarasi anayechimba kisima Singida na kujenga madarasa Iringa hahitaji akaunti mbili za dizeli. Moja yatosha, ilimradi kila risiti ipewe kazi yake siku ileile inapoingizwa, si mwezi Juni dereva akiwa ameshasahau alikwenda wapi. Serikalini ni hivyohivyo: dizeli haibadilishi namba ya kasma kwa kuhama kifungu.

Na kasma ya “Mengineyo”? Iwepo, lakini ichungwe. Risiti za wavivu zote hukimbilia huko.