Dandora na Hesabu ya Nyumbu

Mwaka 1975, mkopo wa Benki ya Dunia ulipofungua njia ya kugawa viwanja vya Dandora, mtaa wa Nairobi, nyumbu kwa maelfu walikuwa bado wakihama kati ya nyanda za Athi-Kaputiei na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha KREMU, kitengo cha kuhesabu wanyama kwa ndege ndogo. Fito zilizofungwa kwenye mihimili ya mabawa zilionyesha mipaka ya ukanda wa kuhesabia, rubani akishikilia kimo kile kile. Wahesabuji wawili kwenye viti vya nyuma walitaja idadi kwenye kinasa sauti, na kundi kubwa likapigwa picha lihesabiwe upya ofisini. Kwa kurudia hivyo miaka mingi ndipo ikajulikana kwamba nyumbu hao wameporomoka kutoka makumi ya maelfu hadi maelfu machache, huku nyua, barabara na majengo vikiziba njia zao.

Wapo wanaosema macho huruka wanyama, afadhali droni. Ni kweli huruka. Lakini kosa linalojirudia vile vile kila mara haliufichi mwelekeo, ilhali kubadili mbinu ovyo huukata uzi wa takwimu. Wengine watauliza hesabu iliwafaa nini nyumbu. Haikuwaokoa, na hilo linauma. Hata hivyo, bila takwimu hizo, anayetetea njia za wanyama leo angekuwa na kumbukumbu za wazee tu. Ndiyo maana naona korongo wakubwa wanaojazana kwenye jaa la Dandora nao wanastahili kuhesabiwa: darubini, daftari, saa ile ile, kila mwezi.